Matezi shingoni: tukadhani TB, tukadhani saratani, kumbe Kikuchi (soma mpaka kilichokuja nyuma yake)

Mpingo Mweusi
Jumamosi, saa 2:10 usiku

Wakuu, habari za jioni. Jukwaa hili la afya nalisoma kimyakimya miaka mingi, kuandika ndiyo leo. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite salama. Naandika kwa ruhusa ya mdogo wangu mwenyewe, ila amenikataza kutaja jina lake na hospitali tulizopita, kwa hiyo msinibane huko.

Mwaka juzi mwezi wa tatu, mdogo wangu wa kike, fundi cherehani pale Newala, miaka 24, alinipigia simu kwamba ana tezi shingoni. Upande wa kulia, chini ya sikio kwa nyuma, ukubwa wa korosho iliyobanguliwa, akiigusa inauma. Nikamwambia hilo ni jino. Kaka wote tukishika simu tunakuwa madaktari. Bibi yetu akasema machubwichubwi, akampaka masizi. Wiki ya pili tezi zikawa tatu, homa inapanda jioni na kushuka alfajiri, jasho la usiku la kukamua shuka, chakula hakipiti.

Zahanati wakapima malaria, hakuna, akapewa dawa mseto hivyo hivyo. Duka la dawa wakampima taifodi, "imesoma", akachomwa sindano siku tano. Mwezi wa nne tukamfikisha hospitali kubwa kidogo. Pale wakamchoma sindano ya kunyonya kwenye tezi, majibu yakasema seli zilizokufa ni nyingi, saratani haijaonekana, yaelekea TB ya matezi. Akaanzishiwa dawa za TB. Na hapa mnisikilize vizuri, maana ndipo tulipopotelea: wiki ya tano homa ikakatika. Tezi zikanywea. Msichana akala ugali wa muhogo kwa kisamvu akamaliza sahani. Ukoo mzima ukasema dawa zimemkubali. Nani angebisha?

Mwezi wa sita ikachomoza nyingine upande wa kushoto. Daktari, kijana tu, akasema tezi ya TB nayo huweza kuvimba katikati ya dozi, lakini yeye hataki kubahatisha, anataka kuitoa tezi nzima isomwe. Ikawa kesi. Kwetu Wamakonde mtoto wa dada ni wa mjomba, na mjomba akasema hakuna kumkata mtoto shingo, uvimbe ukiguswa na chuma unasambaa. Kikao kikakaa chini ya mwembe siku mbili. Aliyemgeuza mjomba si mimi na diploma yangu, ni bibi: "Wewe jipu lako mwaka ule lilipasuliwa. Lilisambaa wapi?"

Akapigwa ganzi, nusu saa, nyuzi nne. Kipande kimoja kikawekwa kwenye formalini kupelekwa Dar kusomwa, kingine kwenye maji ya chumvi kwa ajili ya GeneXpert (mashine ya kutafuta vijidudu vya TB) na kuotesha. Daktari alisimamia hilo mwenyewe, maana formalini inaua vijidudu, na vikishakufa huwezi kuviotesha tena. Tukangoja majibu ya kinyama wiki tatu, na ndani ya wiki hizo tatu Newala ilishaamua kuwa ni saratani. Mchumba kila akipigiwa "yupo kwenye mnada wa korosho". Mwezi wa saba, wakuu.

Majibu yakaja: si TB, si saratani. Ugonjwa wa Kikuchi. Yule daktari alisema neno ninalomheshimia mpaka leo: "Huu niliusoma chuoni, kwa macho yangu sijawahi kuuona." Akawasiliana na wakubwa wake, GeneXpert nayo haikuona kitu, dawa za TB zikasimamishwa na wao, siyo sisi. Tukaambiwa unaisha wenyewe, wengi ndani ya mwezi mmoja hadi minne. Tukachinja jogoo.

Chini kabisa ya karatasi ya majibu palikuwa na mstari mmoja: mgonjwa apimwe ANA, afuatiliwe kwa lupasi. Tuliusoma. Hatukuuelewa, na hakuna aliyetuuliza kama tumeuelewa. Karatasi nikaikunja, nikaiweka kwenye bahasha ya vyeti vya shule.

Mwezi wa kumi msimu ukafunguka, akaenda shambani kwa mjomba kuokota korosho, juani kutwa. Mwezi wa kumi na moja vidole vikawa vinakakamaa asubuhi, mkasi haushikiki mpaka saa nne. Mashavuni na juu ya pua akatoka weusi kama kaunguzwa. Nasisitiza weusi, wa zambarau hivi, siyo ule wekundu wa kwenye picha za intaneti. Watu wakasema mkorogo huo. Aliapa hajawahi kugusa mkorogo, na mama yetu mzazi hakumwamini. Nywele zikaanza kubaki kwenye kitana. Mwezi wa pili miguu ikavimba, mkojo unatoa povu kama maji ya kufulia. Tukapanda basi la Dar. Lupasi, ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, na figo zimeshaguswa.

Sitafuti huruma. Nataka kujua ule mstari ulikuwa unasema nini hasa, na miezi ile saba tungefanya nini.

Korosho Ghafi
Jumamosi, saa 2:31 usiku

Nimekaa paleee. Pole sana mkuu. Hiyo ya mnada mwezi wa saba nimecheka, halafu nikajisikia vibaya.

Mama Wawili wa Mikindani
Jumamosi, saa 2:50 usiku

Pole kaka, na mdogo wetu mpe pole zangu. Nauliza kama mzazi. Kikuchi ndiyo iligeuka ikawa lupasi, au vilikuwa viwili tangu mwanzo? Na inaambukiza? Binti yangu ana tezi shingoni toka Jumatatu, usingizi umeshaniruka.

Tabibu wa Lukuledi
Jumamosi, saa 4:05 usiku

Dada wa Mikindani, lala kwanza. Tezi ya siku tano kwa mtoto mara nyingi ni koo, jino au kidonda cha kichwani. Ikifika wiki tatu nne haijanywea, au ikiwa ngumu kama jiwe, au ikitokea juu ya mtulinga, au mtoto akianza kukonda, hapo mpeleke na usikubali kurudishwa na dawa ya kikohozi. Kikuchi hauambukizi. Lupasi haiambukizi.

Mleta uzi, nimefanya kazi kusini huku miaka mingi na nitakujibu kadiri ninavyoweza, nikijua sijamgusa mgonjwa wako.

Mwaka 1972 madaktari wawili wa Japani, Kikuchi na Fujimoto, kila mmoja kivyake, waliandika kuhusu vijana wenye tezi shingoni ambazo chini ya hadubini zina maeneo yaliyokufa, lakini si TB wala si saratani. Ndiyo jina lilipotoka. Wengi wanaoupata hawajafika miaka 40. Ripoti nyingi ni za Asia, ila umeonekana kila bara. Hapa kwetu ripoti ni chache, na kwa maoni yangu sehemu ya uchache huo ni kwamba tezi hazikatwi. Kinyama kisipokatwa, Kikuchi haupo.

Sasa kwa nini sindano ilidanganya. Haikudanganya, ilionja mchuzi tu. Kukata tezi nzima ndiyo kufunua sufuria. Katika TB na katika Kikuchi, vyote viwili, kuna seli zilizokufa, na sindano ikivuta seli zilizokufa kwenye mkoa wenye TB, msomaji atasema TB. Simlaumu. Ukiipata tezi nzima unaona tofauti. TB hujenga vifundo vya seli kuzunguka sehemu iliyokufa. Kikuchi haujengi vile vifundo: unaona viini vya seli vilivyovunjika kama vumbi, seli walaji ambazo kiini chake kimesukumwa pembeni kikawa kama mwezi mwandamo, na zile chembe nyeupe zinazotengeneza usaha huzioni au ni za kutafuta. Kwenye damu nako mara nyingi chembe nyeupe zimeshuka, wakati mtu mwenye usaha mahali zingepanda. Nenda kaangalie majibu ya damu ya mwezi wa tatu kama bado unayo. Sitashangaa.

Nije kwenye mstari wako. Neno "kugeuka" ndilo linalonisumbua. Kikuchi haugeuki lupasi kama uraka, pombe ya mabibo, unavyogeuka siki. Kinachojulikana ni kwamba magonjwa haya mawili hukutana kwa mtu mmoja mara nyingi kuliko bahati inavyoweza kueleza. Wengine lupasi hutangulia. Wengine huja pamoja. Wengine, kama mdogo wako, Kikuchi huja kwanza na lupasi hufuata baada ya miezi au miaka. Halafu kuna kundi la nne tusilopenda kulizungumza: wale ambao tezi yao ilikuwa ya lupasi tangu siku ya kwanza, maana tezi ya lupasi na tezi ya Kikuchi zinafanana kama pacha, na mtaalamu mzuri kabisa anaweza kuyumba. Ndiyo sababu anayesoma kinyama huandika ule mstari. Anakwambia, nimeona hiki, lakini pacha wake simuondoi, mchungulieni.

Nitumie mfano wa huku kwetu. Seli ikifa, viini vyake vinatakiwa kuzolewa haraka. Ni kama maganda ya korosho baada ya kubangua. Yakiachwa uani, mafuta yake humuunguza mwenye nyumba. Kwenye Kikuchi chembe za kinga zinaua seli ndani ya tezi kwa wingi sana, maganda yanakuwa mengi, lakini kwa watu wengi yanazolewa na mambo yanaisha. Kwenye lupasi uzoaji ni mbovu. Mwili unakutana na viini vyake wenyewe vikiwa vimezagaa nje, unavidhania adui, unatengeneza kingamwili dhidi yake. ANA ni kipimo cha kutafuta kingamwili hizo hizo, zinazogombana na kiini cha seli. Kwa nini mtu huyu azoe na yule ashindwe, hapo kuna urithi, kuna homoni (lupasi huwapata wanawake tisa kwa kila mwanamume mmoja, au karibu na hapo), kuna jua, kuna virusi. Virusi kadhaa vimeshukiwa kuanzisha Kikuchi, Epstein-Barr kikiwemo, na hakuna kilichotiwa hatiani.

Mngefanya nini? ANA, ndiyo, lakini ANA peke yake hukutwa hata kwa watu wazima wa afya, kwa hiyo isipokutwa inatuliza kidogo, ikikutwa inadai vipimo vya pili: kingamwili za dsDNA (zinazogombana na DNA ya mwili wenyewe), na komplementi C3 na C4 (protini za kinga ambazo lupasi ikichachamaa hushuka). Hivyo vingi ni vya Dar. Ila kuna kimoja kiko kituo cha afya chochote na ndicho kingemwokoa figo mapema: mkojo kwenye kikopo, kijiti kinachochovywa kwenye mkojo kuangalia protini. Pamoja na presha. Kila miezi michache mwaka wa kwanza, kisha kwa nafasi zaidi kwa miaka kadhaa. Na kuuliza: viungo vinauma? uso? nywele? vidonda mdomoni?

Na usijichape. Mstari mmoja kwa lugha ya maabara, chini ya ukurasa, hata ndugu zangu madaktari huupita.

Mpingo Mweusi
Jumamosi, saa 4:40 usiku

Daktari, nimefungua bahasha. Chembe nyeupe mwezi wa tatu: 2.6. Pembeni kuna mshale wa kushuka. Hakuna aliyesema lolote kuhusu huo mshale.

Mzee Uraka
Jumapili, saa 12:20 asubuhi

Wajukuu, majina ya Kijapani yanawatisha bure. Mimi hapa Mtama nimetibu matezi kwa mizizi tangu enzi za Mwalimu. Siku arobaini unakunywa, tezi hakuna. Mnakimbilia kukatwa kama mbuzi wa Idi.

Kimya Kingi
Jumapili, saa 1:15 asubuhi

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, siku arobaini ndizo hizo hizo za Kikuchi kuondoka wenyewe, unywe mizizi au unywe maji ya madafu. Dawa za TB zimepata sifa hiyo hiyo kwenye kisa cha mleta uzi: homa ilikatika kwa sababu wakati wake wa kukatika ulifika. Ugonjwa unaoondoka bila kuagwa kila mtu anadai kaufukuza yeye.

Nasema kwa sababu ni wangu. Nilipata Kikuchi miaka sita iliyopita nikiwa Dar, mwanamume, miaka 29. Tezi tano kama tasbihi shingoni kushoto. Nilikatwa moja. Tiba yote niliyopewa ilikuwa panado na vidonge vya maumivu, daktari akasema steroidi wanaziweka kwa wale walioelemewa sana. Wiki ya kumi nilikuwa mzima. Baada ya miaka miwili ikarudi tezi moja, ikakaa mwezi, ikaenda zake. Niliambiwa kurudi hutokea kwa watu watatu wanne katika mia, nikajikuta nimo. Lupasi sina. Napima mkojo na damu kila Januari, siku ya kulipia ada ya watoto, ili nisisahau.

Kwa hiyo wenye Kikuchi wanaosoma hapa msianze kuandika wosia. Wengi wetu stori inaishia hapo.

Mzee Uraka
Jumapili, saa 1:32 asubuhi

Marahaba. Una ulimi mrefu wewe, lakini hesabu yako naikubali nusu.

Sindimba Asilia
Jumapili, saa 3:00 asubuhi

Naomba niongeze upande wa pili kabla watu hawajaanza kutupa dawa za TB chooni. Mimi Masasi, tezi shingoni, sindano ya kunyonya, "yaelekea TB", dawa miezi sita. Na ilikuwa TB kweli, vijidudu vilionekana. Tezi ilipasuka ikatoa maji kama maziwa yaliyoganda, kovu ninalo. Siku za mwanzo mkojo ulikuwa mwekundu kama juisi ya rosela, nikadhani ni damu, kumbe ni dawa. Ukiwa mkoa huu na una tezi, TB ndiyo ya kufikiriwa kabla ya hao Wajapani. Tezi yangu pia ilivimba upya mwezi wa tatu wa dozi, ningekuwa nimesoma uzi huu wakati ule ningeacha dawa, na ningekufa.

Tabibu wa Lukuledi
Jumapili, saa 3:20 asubuhi

Bandika maneno ya Sindimba ukutani. Hakuna kuacha dawa za TB kwa sababu ya uzi. Anayeweza kusimamisha ni aliyeanzisha, akiwa na kinyama mkononi.

Mbishi wa Nachingwea
Jumapili, saa 5:45 asubuhi

Daktari nina swali la kukukera. Nimesoma famasi kidogo kabla ada haijanishinda. Isoniazidi, iliyomo ndani ya dawa za TB, inajulikana kusababisha lupasi. Mdogo wake mleta uzi kanywa isoniazidi miezi mitatu kwa TB ambayo hakuwa nayo. Mbona hakuna anayesema kwamba huenda lupasi alipewa na vidonge?

Mpingo Mweusi
Jumapili, saa 5:58 asubuhi

Mkuu hilo sijawahi kulisikia. Daktari, tafadhali. Mikono inanitetemeka hapa.

Tabibu wa Lukuledi
Jumapili, saa 8:10 mchana

Swali si la kukera, ni swali zuri, na ada isingekushinda ungekuwa mfamasia mzuri. Ni kweli, isoniazidi ipo kwenye orodha ya dawa zinazoweza kuleta lupasi ya dawa. Lakini hiyo ina tabia zake. Huja mtu akiwa bado anameza, na akiacha hupungua ndani ya wiki au miezi michache. Hushika viungo na utando unaofunika mapafu, figo huigusa kwa nadra sana. Kingamwili zake kwa kawaida ni za histoni (protini zinazobeba DNA), siyo za dsDNA.

Kwa mdogo wa Mpingo, kama nimesoma sawasawa, dalili zilianza miezi minne baada ya kuacha, zikawa zinazidi badala ya kupungua, na figo imo. Mpingo, kwenye majibu ya Dar, dsDNA ilisemaje?

Mpingo Mweusi
Jumapili, saa 8:16 mchana

Ipo juu sana. C3 na C4 zote chini. Walimtoa na kinyama cha figo pia.

Tabibu wa Lukuledi
Jumapili, saa 8:25 mchana

Basi hiyo ni lupasi yenyewe. Vidonge havina kesi ya kujibu hapa. Kama kuna kitu kilichoiamsha, ninachokitazama kwa jicho baya ni lile jua la mwezi wa kumi. Mionzi ya jua huua seli za ngozi, maganda yanaongezeka kwa mtu ambaye mzoaji wake ni mvivu. Lakini hata hilo ni kuamsha, siyo kuzaa.

Mbishi wa Nachingwea
Jumapili, saa 8:31 mchana

Nimeridhika. Mara moja kwa mwaka.

Mama Wawili wa Mikindani
Jumapili, saa 11:00 jioni

Binti kapimwa, ni jino bovu. Kaka Mpingo ulikuwa sahihi kwenye simu, ila kwa binti wa mtu mwingine.

Naomba kuuliza anatumia dawa gani sasa. Na nisamehewe swali la kizamani: atazaa?

Mpingo Mweusi
Jumapili, saa 11:40 jioni

Dada, hilo la mwisho nimempa simu ajibu mwenyewe. Amefungua akaunti sasa hivi.

Bint Makondeni
Jumapili, saa 12:05 jioni

Habari zenu. Ndiyo mimi mwenye tezi.

Nameza prednisoloni, ndiyo zile steroidi, tulianza na nyingi sasa zimeshushwa polepole, maana nilionywa nisije nikaacha ghafla. Uso ulijaa kama mwezi, wale waliosema nimekonda kwa ukimwi wakasema nimenenepa kwa wizi. Kuna ya figo inaitwa maikofenoleti. Na kuna kidonge kimoja cha haidroksiklorokwini kila siku, miligramu 200.

Dada, kuhusu kuzaa, daktari alisema wengi wanazaa. Masharti ni ugonjwa uwe umetulia angalau miezi sita, na hiyo maikofenoleti niwe nimebadilishiwa mapema kabla, kwa sababu inadhuru mimba. Hicho cha haidroksiklorokwini kinaendelea hata na mimba. Kwa hiyo ni jambo la kupanga, siyo la kushtukiza. Wa kupanga naye ndiye bado yupo mnadani.

Mzee Uraka
Jumapili, saa 12:30 jioni

Pole sana mjukuu wangu. Umesema klorokwini? Ile ya malaria iliyokuwa inawasha mwili mzima mpaka unajikuna kwa gunzi la mahindi? Si ilishapigwa marufuku?

Bint Makondeni
Jumapili, saa 12:36 jioni

Shikamoo babu. Bibi naye aliuliza hivyo hivyo! Mimi hainiwashi.

Tabibu wa Lukuledi
Jumapili, saa 2:15 usiku

Mzee wangu, ni ndugu yake, siyo yenyewe. Klorokwini haikupigwa marufuku kwa kuwasha, iliachwa 2001 kuwa dawa ya kwanza ya malaria kwa sababu vimelea viliizoea, ikaja SP (ile Fansidari), halafu mseto 2006. Hii ndugu yake kazi yake kwenye lupasi ni kuituliza kinga bila kuilaza. Dozi huhesabiwa kwa uzito, isipite miligramu 5 kwa kila kilo kwa siku, na ukiwa na shida ya figo wanaiangalia kwa makini zaidi. Macho yapimwe mwanzoni, kisha yafuatiliwe, kwa sababu ikikaa miaka mingi mwilini inaweza kudhuru retina. Mtu asije akainunua dukani kwa sababu kaisoma hapa. Mnakumbuka 2020 watu walivyoigombania kwa ajili ya korona, wenye lupasi duniani wakaikosa.

Korosho Ghafi
Jumapili, saa 2:40 usiku

Bint, jua je? Newala na msimu huu unaokuja, utaishije?

Bint Makondeni
Jumapili, saa 3:10 usiku

Jua ndiyo vita. Nyumbani wanaona najidai. Naokota kuanzia alfajiri mpaka saa mbili na nusu, narudi ndani. Kofia nimejishonea mwenyewe, ukingo mpana kama ungo, na nimeongeza shela nyuma. Mikono mirefu ya kitambaa cha pamba. Nilipata mafuta ya kuzuia jua, yale wanayopewa wenzetu wenye ualbino, nayapaka mpaka masikioni. Sasa wanawake watatu wa hapa mtaani wameagiza kofia kama yangu, wanadhani ni fasheni. Siwaambii.

Mjomba ndiye amebadilika kuliko wote. Kila tarehe 1 ananipigia: "Umepeleka mkojo?" Anapaza sauti hata akiwa kwenye chama cha msingi, wakulima wote wanajua ratiba ya mkojo wangu. Mwezi huu protini imeshuka, kijiti kimeonyesha alama moja kutoka tatu.

Nina shida moja na nitashukuru nikisaidiwa. Vidole bado vinakakamaa asubuhi, na kukata kitambaa kwa mkasi wa chuma ndiyo kazi inayonishinda. Kuna anayejua wapi Mtwara mjini wanauza mkasi wa umeme, ule mdogo wa kushika kwa kiganja? Nikiambiwa bei nitamtuma kaka.

Korosho Ghafi
Jumapili, saa 3:22 usiku

Shangazi yangu ana duka la vifaa vya ushonaji karibu na soko kuu, aliwahi kuleta viwili kutoka Kariakoo na kimoja hakijauzwa. Nimekuandikia faragha. Kaka aje Jumanne, Jumatatu huwa anafungua mchana.